Kabla ya kununua dishi, soma masharti ya masafa

Watu wengi wanaokuja kwangu kutaka linki ya maikrowevu, yaani mawasiliano ya redio kati ya madishi mawili yanayoelekeana, huwa wameshachagua dishi. Ni dogo, jepesi, hesabu ya nguvu ya mawimbi inakubali, na mwenye mnara hatalalamika. Mimi huanza na swali jingine: mtatumia masafa gani ya redio, na masharti ya leseni yake yanasemaje kuhusu antena?

Ukubwa wa dishi si suala la kufikisha mawimbi tu. Dishi la mita 1.8 kwenye gigahezi 6 hutoa mwale wenye upana wa digrii 2 hivi. La sentimita 60 kwenye masafa hayohayo linakaribia digrii 6, na hicho kinachotapakaa pembeni kinaingia kwenye linki za wengine. Ndiyo maana wasimamizi wa masafa huweka kikomo cha mawimbi yanayoruhusiwa kutoka pembeni na nyuma ya antena. Kwa hiyo madishi mawili ya kipenyo kimoja yanaweza kutofautiana, moja likakubaliwa na jingine likakataliwa. Omba kwa mtengenezaji mchoro wa mtawanyiko, unaoonyesha nguvu ya mawimbi yanayotoka kila upande wa dishi. Usiridhike na kipenyo kilichoandikwa kwenye katalogi.

Ukipanda masafa, mambo yanalegea, kwa kuwa sentimita 60 zilezile kwenye gigahezi 11 hutoa mwale wa digrii 3 hivi. Mwaka 2007 FCC, msimamizi wa masafa wa Marekani, iliruhusu madishi ya ukubwa huo kwenye bendi hiyo, ambako kabla yake yalihitajika ya mita 1.2 hivi. Ruhusa hiyo haikuja bure: dishi dogo likisababisha mwingiliano ambao dishi kubwa lisingeusababisha, mwenye dishi dogo ndiye anayewajibika kurekebisha. Naiona ni haki kabisa. Ila kumbuka kwamba juu ya gigahezi 10 mvua huanza kukata mawimbi kweli kweli, hivyo njia ndefu usiipeleke huko kwa sababu tu unataka dishi dogo.

Upande wa pili ni mnara. Kipenyo kikiongezeka mara mbili unapata desibeli 6 zaidi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), lakini eneo linalopigwa na upepo linakuwa mara nne. Fundi wa mnara aulizwe mapema, kabla fomu ya leseni haijajazwa.

Siku ya kulenga, zungusha dishi taratibu mpaka uone vilele vitatu vya mawimbi: kidogo, kikubwa, kidogo. Funga kwenye cha katikati. Kipimo kikiwa chini ya hesabu kwa desibeli 20 hivi, huenda umekamata mwale wa pembeni, yaani kimojawapo cha vile vilele vidogo; legeza boliti uanze upya, usiongeze nguvu ya redio.

Leseni kwa kawaida hutaja modeli ya antena, urefu wake kutoka ardhini, uelekeo na nguvu. Ukitaka kubadilisha dishi baadaye, omba marekebisho ya leseni kwanza, ndipo fundi apande mnarani.