Barua kwa Kulwa: Nani Alipanga Majina?

Mwanangu Kulwa,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia: ilikuwaje wazee wetu wakakubali chama kimoja mwaka 1965 bila kelele? Kelele zilikuwepo, ila zilipigwa mapema, na nyingine zilipigwa hapa hapa Tabora. Wewe unahesabu vyama. Mimi wewe na Doto nimewaambia tangu mkiwa shule: kwanza uliza nani amepanga majina kwenye karatasi ya kura.

Januari 1958 TANU, chama kilichodai uhuru, ilifanya mkutano wake hapa mjini. Mkoloni alikuwa ameleta kura tatu. Majimbo yalikuwa kumi, kila jimbo likipeleka wajumbe watatu kwenye Baraza la Kutunga Sheria: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua wote watatu; akimchagua Mwafrika peke yake, kura yake imeharibika. Na hata kuandikishwa haikuwa kwa kila mtu. Ama uwe umefika darasa la nane, ama kipato chako kifike pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, ama uwe na cheo kinachotambuliwa. Babu yenu aliishia darasa la nne, na mshahara wake wa reli mnaujua jinsi bibi alivyokuwa akiusimulia. Kadi ya TANU alikuwa nayo, kura hakuwa nayo.

Wajumbe wengi walikuja wamekwisha kata shauri kususa. Nyerere akawaambia tukisusa, viti vitachukuliwa bure na UTP (United Tanganyika Party), chama alichokibeba Gavana Twining, na hao ndio watakaoamua kinachofuata. Wakabishana sana, mwisho wakakubali kuingia. Ndio Uamuzi wa Busara unaousikia. Kwa kuwa wakati huo kadi ya TANU ilikuwa ya Waafrika tu, chama kilibidi kitafute Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono, kina Amir Jamal na Derek Bryceson, kisha kiwaelekeze wafuasi wake wawape kura. Uchaguzi ukaenda kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU na iliowaunga mkono wakazoa, UTP ikafa. Zuberi Mtemvu hakukubali uamuzi ule wa Tabora, akajitoa TANU na kuanzisha chama chake, African National Congress. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere akapata kura elfu 21 na ushee, mwenzake milioni moja na zaidi. Nikisema alikuwa king'ang'anizi, mjomba wenu hununa hadi magharibi, kwa hiyo sisemi.

Lakini kinachonichekesha mpaka leo ni Mbulu, uchaguzi wa 1960. Viti vya Baraza vilikuwa 71, na 58 havikuwa na mpinzani. Makao makuu ya TANU yakampitisha Chifu Amri Dodo. Watu wa huko walimtaka Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU vilevile. Sarwatt akasimama peke yake kama mgombea binafsi, akashinda. Kiti pekee ambacho TANU ilikikosa nchi nzima kilichukuliwa na mtu wao wenyewe! Wananchi walipoona jina limepangwa vibaya, walilipanga upya.

Sasa ndiyo 1965. Mgombea alianza kwa kusainiwa na wapiga kura 25. Mkutano wa TANU wa wilaya ukawapigia kura wote waliojitokeza, orodha ikapanda Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikarudisha majina mawili, mara nyingi wale wawili wa juu. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, maana wengi hawakujua kusoma, na kila mmoja akaigeuza alama yake kuwa hotuba. Mikutano iliandaliwa na chama, wote wawili jukwaa moja, kwa Kiswahili tu, marufuku kutaja kabila, dini au rangi. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akaangushwa Mwanza. Jamal na Bryceson, waliopitishwa zamani kwa mlango wa kura tatu, safari hii walipambana na Waafrika na wakashinda.

Kwa hiyo unaona, kura ilikuwa na meno. Lakini ngoja. Halmashauri Kuu iliweza kubadili orodha ya wilaya, na mara chache ilibadili. Na rais alipigiwa ndiyo au hapana, peke yake. Na Sarwatt mwingine hakuweza tena kutokea, kwa kuwa mlango wa mgombea binafsi ulifungwa. Hapo ndipo roho inaponiuma, kuliko hata kufutwa kwa vyama.

Vyama vingi vimerudi 1 Julai 1992, baada ya Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi, kupendekeza hivyo, ingawa wengi wa waliohojiwa walitaka kimoja kibaki. Je, mlango ukafunguliwa? Katiba bado inataka mgombea adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilimpa Mchungaji Mtikila haki mwaka 2013 kwenye suala hilo hilo, na mlango uko palepale. Ninyi vijana mnalalamika kwamba wajumbe si watu. Wajumbe ni watu, mwanangu, tatizo ni kwamba wakishapiga kura za maoni ndani ya chama, kikao cha juu kinaweza kulikata jina la aliyeongoza.

Unataka nitamke kama 1965 ilikuwa kosa. Ulimi unaniwasha, lakini nikitamka utaacha kuchunguza, nakujua. Doto ameniambia unafikiria kuchukua fomu ya udiwani. Basi kabla hujailipia, tafuta katiba ya chama chako, soma pale inaposema nani anafanya uteuzi wa mwisho na kama kuna mahali pa kukata rufaa, kisha nipigie jioni, si mchana, mchana nipo dukani.

Mama yako,
Ng'ambo, Tabora