Pete inayorudi dukani

We uliyeuliza wimbo wa kantri (country, muziki wa Marekani) wa mapenzi yanayokufa pole pole, sio wa mtu kashaachwa analia tu, tafuta Golden Ring ya George Jones na Tammy Wynette, ya 1976. Yaani stori yote inafuata pete, vijana wawili wanaikuta kwenye duka la rehani huko Chicago, hawana hela ila wanapendana, wanaenda kanisani wanafunga ndoa, halafu ubeti wa tatu washaanza kugombana ndani ya kachumba kao, dada anaivua anaitupa huyoo anasepa, na mwisho pete iko pale pale dukani inasubiri wengine. Haifiki hata dakika 3 na nusu jamani!

Sasa kinachouma zaidi, hao waimbaji walikuwa mke na mume kweli, walioana 1969 wakatalikiana 1975, yaani wanaimba hivyo talaka ishatoka na bado ikashika namba 1 kwenye chati za kantri Marekani. Mi nikisikia sauti zao zinapokutana kwenye kiitikio nashindwa kuelewa walisimamaje kwenye maiki moja. Isikilize na hedifoni, sauti ya Tammy hasa.