Kwa Nini Mikoko Haifi kwa Maji ya Chumvi?

SWALI: Ndugu Mhariri, bamvua lilipofurika hadi bustanini kwetu, mipapai yote ilinyauka, ilhali mikoko iliyo jirani haikudhurika. Je, chumvi haiidhuru mikoko? Nasi tukiipanda mbele kabisa, mawimbi yanapopiga, itashika?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Ndugu msomaji, chumvi ingeiua mikoko pia kama ingeachwa iingie kwa wingi. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita, na yanapoifikia mizizi ya mpapai huufanya ushindwe kunywa, hata kuupokonya maji uliyonayo, ndiyo maana mipapai yenu ilinyauka huku udongo umelowa. Mikoko nayo si mti mmoja, na kila aina ina mbinu yake. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoning'inia kutoka shinani, huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Mchu huruhusu zaidi kupita, kisha huitoa kupitia vitezi vidogo vya majani. Chunguza jani lake wakati wa jua kali utaona chembe nyeupe, na ukililamba utajua ni nini.

Kwa maoni yangu, tope ni mtihani mkubwa kuliko chumvi. Chini ya tabaka lake la juu karibu hakuna oksijeni, na ile harufu ya yai viza inayotoka mtu akilikanyaga ni gesi ya bakteria waishio pasipo hewa. Kwa hiyo mchu huchomoza juu ya tope mamia ya vijiti vya mizizi, vyembamba mfano wa penseli, vyenye vitundu vya kuvutia hewa maji yanapokupwa. Mbegu ya mkoko nayo huota ingali mtini, ikarefuka hata kupita nusu mita, ndipo huanguka na kujichomeka topeni au kuelea hadi ipate pa kushika.

Urahisi huo wa kuiokota na kuichomeka ndio unaowaponza wapandaji wengi. Mbele kabisa, panapofunikwa na maji kwa muda mrefu, kwa kawaida huanza mlilana, aina nyingine ya mikoko, na mkoko wenyewe hufuata nyuma yake. Miche ya mkoko inayopandwa huko mbele mara nyingi hung'olewa na mawimbi au hufa kwa kuzama mno. Tazameni kwanza ni mti gani umejiotea wenyewe katika kina hicho, mpande huohuo.