Kuongeza swichi LibreNMS kwa API: anza na SNMP

Ndugu, umesema skripti yako inatuma swichi za Kampala, Mbarara na Gulu kwa LibreNMS (programu ya kufuatilia vifaa vya mtandao) kupitia API, yaani mlango wa programu kuzungumza na programu. Za Kampala zinaingia, za matawi zinarudi na kosa kwamba hazifikiki. Basi tokeni yako (ufunguo wa kuingilia API) ni nzima, usiiguse. Ingekuwa mbovu, hata za Kampala zingekataliwa.

Ukituma POST (ombi la kuongeza kifaa) kwenye /api/v0/devices, LibreNMS haiandiki tu jina na kuondoka. Kwanza inajaribu kukifikia kifaa kwa pingi na SNMP (itifaki ya kukiuliza kifaa hali yake). Kwa hiyo ingia kwenye seva yenyewe ya LibreNMS, si kompyuta yako ya ofisini, uendeshe snmpwalk (amri ya kuuliza kwa SNMP) kwa swichi moja ya Gulu. Kimya? Tazama ukuta wa moto wa tawi: UDP 161, mlango wa SNMP, imefunguliwa kwa anwani ya seva? Na kwenye swichi, je, seva imo katika orodha ya wanaoruhusiwa kuuliza? Hapo ndipo wengi hukwama.

Kuna chaguo la force_add katika ombi hilo la POST, linaloruka ukaguzi wa pingi na SNMP. Mimi nisingelitumia hapa: utapata orodha ndefu ya vifaa visivyo na takwimu hata moja. Linafaa kwa swichi ambayo bado haijawashwa.

Halafu, tafadhali, hiyo community (neno la siri la SNMP) ya "public" ibadilishe leo.