Maswali na majibu: jina la ofisi halikuambii inawajibika kwa nani

Kuna tofauti gani kati ya wizara, idara, wakala na mamlaka?

Wizara hutunga sera na kusimamia utekelezaji wake. Ndani yake kuna idara zinazoongozwa na wakurugenzi na vitengo vinavyoongozwa na wakuu wa vitengo, na wote hao wako chini ya Katibu Mkuu, ambaye ndiye Afisa Masuuli, yaani mtu anayetakiwa kujibu kuhusu kila shilingi iliyoidhinishwa na Bunge katika fungu la wizara yake. Idara haina uhai wa kisheria nje ya wizara. Wakala umesogezwa nje kidogo: Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997 inaruhusu uanzishwe kwa amri ya waziri inayochapishwa katika Gazeti la Serikali, ukaongozwa na Mtendaji Mkuu, ili kazi ya kutoa huduma itenganishwe na kazi ya kutunga sera. Mamlaka kwa kawaida huundwa na sheria yake yenyewe na huwa na bodi, kama ilivyo TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi Julai 1996.

Vitabu vya uraia huishia hapo, na wananchi huanza kupotea hapo hapo, kwa sababu Serikali yenyewe haiyafuati majina haya. NIDA, inayotoa vitambulisho vya taifa, inaitwa Mamlaka, lakini iliundwa mwaka 2008 kwa hati ya Rais, si kwa sheria ya Bunge. RUWASA, inayoshughulikia maji vijijini, inaitwa Wakala, lakini imeundwa na sheria ya Bunge, ile ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Kwa hiyo ukitaka kujua taasisi ni ya namna gani, acha ubao ulioko getini, utafute hati iliyoiunda na usome mambo matatu tu: nani anamteua mkuu wake, nani anapokea taarifa zake, na fedha zake zinatoka wapi. Nimeliandika jambo hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika, kwa kuwa taasisi ambayo mwananchi haelewi inawajibika kwa nani ni rahisi sana kuishi bila kuwajibika kwa yeyote.

Barabara ya kijijini kwetu haipitiki. Nimwandikie Waziri wa Ujenzi?

Hapana. Barabara kuu na barabara za mkoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000 na iko chini ya wizara ya ujenzi. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ya miji ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 na iko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa wahandisi wa halmashauri zenyewe.

Kijijini kwa mama yangu kalvati lilizolewa na maji ya masika, na wazee wakaandika barua. Nimeiona kwa macho yangu: karatasi moja yenye mihuri mitatu ya «IMEPOKELEWA», kila muhuri na tarehe yake, kwa sababu ofisi ya kwanza iliipeleka kwa ya pili, na ya pili ikairudisha ikisema barabara ile haimo katika orodha yake. Mvua nyingine ilianza karatasi ikiwa bado njiani. Tangu siku ile nawashauri watu waulize kwanza, kwa maandishi, barabara yao imesajiliwa katika daraja gani, kisha ndipo waombe matengenezo. Nasema pia kwamba si haki mzigo huo kumwangukia mwanakijiji. Ofisi iliyopokea barua isiyoihusu ndiyo inayopaswa kuifikisha panapostahili na kumjulisha mwandishi.

NIDA na RITA si kitu kimoja?

Si kitu kimoja. NIDA hutoa vitambulisho vya taifa na iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. RITA husajili vizazi na vifo na iko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Swali hili limeshajibiwa hapa siku zilizopita. Tafadhali someni majibu yaliyotangulia kabla ya kuuliza.

Mwalimu wa shule ya sekondari ya kata ni wa Wizara ya Elimu au wa TAMISEMI?

Mwajiri wake ni Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, na halmashauri inasimamiwa na TAMISEMI. Masuala yake ya nidhamu na kupandishwa cheo hupitia Tume ya Utumishi wa Walimu. Wizara ya Elimu inabaki na sera, mitaala kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani kupitia Baraza la Mitihani (NECTA), na udhibiti ubora wa shule. Kwa hiyo mwalimu mmoja darasani anafundisha mtaala wa wizara moja kwa mshahara unaopitia kwa mwajiri aliye chini ya nyingine.

Wengi huuona mpangilio huu kuwa vurugu na hutaka kila kitu kirudishwe wizarani. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 1972 tulizifuta serikali za mitaa kwa jina la Madaraka Mikoani, na madaraka yaliyokwenda mikoani yalikwenda kwa maofisa wa Serikali Kuu, si kwa wananchi. Ilibidi zitungwe Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 ili halmashauri zirudi. Tatizo la leo ni kwamba halmashauri hupewa kazi bila fedha za kutosha, na dawa yake ni fedha, si kuihamishia shule Dodoma.

Rais anaweza kufuta wizara bila kwenda bungeni?

Anaweza, kwa ibara ya 36 ya Katiba. Taasisi iliyoundwa na sheria ya Bunge ni jambo jingine: hiyo hufutwa kwa sheria.

Basi limenitoza nauli ya ziada. SUMATRA wanapatikana wapi?

Hawapatikani popote: mamlaka hiyo ya usafiri wa nchi kavu na majini ilivunjwa mwaka 2019. Usafiri wa nchi kavu uko LATRA. Wa majini uko TASAC. Tunza tiketi yako, maana bila hiyo huna ushahidi.

Nimepeleka kwa Mkuu wa Wilaya malalamiko ya kucheleweshewa leseni ya duka, sijajibiwa. Nifanyeje?

Umegonga mlango usio wako. Leseni za biashara za kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na za kundi B, ambalo bila shaka ndilo la duka lako, hutolewa na halmashauri. Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa Serikali Kuu; halmashauri ni ya wakazi kupitia madiwani wao. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu anayehatarisha amani awekwe ndani kwa saa zisizozidi 48, na haikuandikwa kwa ajili ya leseni za maduka. Mtu yeyote akikutishia kwa sheria hiyo, mwombe akuonyeshe kifungu. Barua yako iandike kwa Mkurugenzi Mtendaji, ieleze tarehe uliyoomba leseni na namba ya stakabadhi uliyolipia, nakala umpe diwani wako, na nakala yako mwenyewe hakikisha imepigwa muhuri wa mapokezi kabla hujaondoka masijala.