Mto wa kunyonyeshea: kwanza mtoto, mto baadaye

Siku ya sita baada ya kumzaa mwanangu wa kwanza, mkunga alinikuta nimeketi kitini, mto wa kunyonyeshea umenizunguka kiunoni, mtoto kalazwa juu yake, nami nimekunja vidole vya miguu kwa maumivu. Chuchu ya kushoto ilikuwa imeshapasuka na ya kulia ilikuwa inaelekea hukohuko. Alinitazama kidogo bila kusema neno, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, naweza kukuondolea huo mto kwa dakika tano tu?"

Nilishtuka. Mto ule niliununua nikiwa na mimba ya miezi saba, nikaifua foronya yake na kuikunja pamoja na nguo za mtoto. Kila niliyemuuliza alikuwa ameniambia kuwa mama anayenyonyesha hawezi kukosa kitu hicho. Haikunijia kabisa akilini kwamba ndicho kinachoniumiza.

Mkunga aliuweka kando. Akaniambia niegemee mpaka mgongo wote uguse kiti, nishushe mabega, nivute pumzi. Akamchukua mwanangu, akamgeuza tumbo lake likutane na langu, pua ikaelekea kwenye chuchu. Tukasubiri. Mtoto alipoachama, kinywa wazi kabisa kama anayepiga mwayo, mkunga akamsogeza haraka kwa kumsukuma mabegani, wala hakugusa kisogo, na kidevu ndicho kilichotangulia kufika kwenye titi. Nilisikia mvuto mkubwa, lakini ule uchungu wa wembe haukuwepo. Baada ya muda nikamsikia anameza. Hapo ndipo mkunga alipochukua shuka, akaikunja mara nne na kuipenyeza chini ya kiwiko changu. Basi. Pengo lilikuwa hapo tu, na hapo tu ndipo palipohitaji kujazwa.

Tangu siku hiyo nimenyonyesha watoto wawili, na nimekaa na mdogo wangu wiki za mwanzo alipojifungua pacha. Kwa hiyo kila rafiki anapopata mimba swali hunifikia: ninunue mto au nisinunue? Huwa namjibu asinunue kwanza. Ajifungue, ajifunze kumweka mtoto kwenye titi bila mto, halafu autazame mwili wake mwenyewe aone pengo liko wapi. Huenda likazibwa na taulo. Huenda pia akauhitaji mto kwelikweli, na nitaeleza ni nani hao, maana sipendi mtu asome haya aone nakataza.

Shida ya mto wangu ilikuwa kimo. Umbali kutoka mapajani hadi kwenye chuchu haulingani kwa wanawake wote, lakini mto umeshonwa kwa unene mmoja. Mimi kiwiliwili changu ni kifupi na matiti yangu ni mazito, chuchu zinaangalia chini. Mto ulimpandisha mtoto juu kuliko mahali titi lilipo. Ili anyonye, ilinibidi nilinyanyue titi kwa mkono nimpelekee mdomoni. Nikiliachia tu, uzito wake unalivuta nje, naye anabaki ameng'ang'ania ncha. Mtoto anayenyonya ncha ya chuchu hapati maziwa ya kutosha, na mama anapata vidonda. Nilikuwa nikiona chuchu inatoka mdomoni imebanwa upande mmoja, bapa, yenye mshazari kama rangi ya mdomo iliyoanza kutumika, nikadhani ndivyo inavyokuwa. Sivyo. Chuchu ikitoka na umbo hilo, ujue mtoto hakulishika titi kwa kina.

Mwenye kiwiliwili kirefu hupata kinyume chake. Mto kwake uko chini mno, mtoto hafiki, basi mama ndiye anayeinama. Mara moja haimdhuru mtu. Lakini kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Ukiinama dakika 20 mara 10, umeukunja mgongo zaidi ya saa tatu katika siku moja, na kesho unaanza upya.

Kuna jambo la pili lililonichukua muda kulielewa. Sehemu ya juu ya mto inakualika umlaze mtoto chali kama aliye kitandani. Akiwa chali, inabidi ageuze shingo ili alifikie titi. Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi: geuza uso mpaka kidevu kiwe juu ya bega, kisha umeze mate. Umeona ilivyo tabu? Sasa fikiria kichanga anayetakiwa kumeza maziwa akiwa hivyo kwa nusu saa. Sikio, bega na nyonga yake vinatakiwa kuwa kwenye mstari mmoja, mwili wake wote ukuelekee wewe, abanwe karibu nawe, na mwili mzima uwe na pa kuegemea. Mkono wako unaweza kuyafanya yote hayo. Mto unaweza kusaidia la mwisho tu, nalo ni la mwisho hata kwa mpangilio.

Ndiyo maana nasisitiza utaratibu kuliko kifaa. Kaa vizuri kwanza, miguu ifike chini. Kama inaning'inia, weka stuli fupi au hata boksi gumu chini yake, maana miguu isiyotulia ndiyo inayoanza kuupinda mgongo. Mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto. Akishalishika na umesikia anameza, tazama mkono wako unaanza kuchokea wapi. Hapo ndipo unapoingiza mto, ukiujaza chini ya mkono wako ulipo, bila kumsogeza mtoto hata kidogo. Ukiona mto umembadilisha mtoto mahali alipo, ni mnene mno. Utoe, weka chembamba.

Utajuaje kwamba amelishika vizuri? Kidevu kimezama kwenye titi, pua iko huru, mdomo wa chini umebinuka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu yamejaa, hayaingii ndani. Anaanza kwa kunyonya harakaharaka, halafu anapunguza kasi: anavuta, anavuta, anameza. Maumivu ya sekunde chache mwanzoni siku za kwanza yanaweza kuwepo. Yakiendelea muda wote wa kunyonya, penyeza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake aachie, kisha muanze tena. Usivumilie mpaka amalize. Na vidonda visipopona, mwone mkunga au mshauri wa unyonyeshaji mapema, usingoje wiki ya tatu.

Sasa niseme kwa moyo mmoja habari ya mto unaofaa, kwa sababu mtoto wa pili nilimpata kwa upasuaji na mto uliniokoa. Siku za mwanzo sikuweza kustahimili hata uzito wa nguo kwenye mshono, sembuse miguu ya mtoto inayopiga mateke. Nilimshika chini ya kwapa, kichwa chake mbele kwenye titi, miguu ikielekea nyuma ya mgongo wangu, na mto ukiwa ubavuni umeubeba mwili wake. Mshono haukuguswa. Usiku nilinyonyesha nimelala ubavu, tumeelekeana, mto mmoja mgongoni mwangu na mwingine katikati ya magoti. Huo wa mgongoni ulikuwa mto wa kawaida wa kitandani.

Kwa mdogo wangu mwenye pacha, mto mpana ulikuwa kama mkono wa tatu. Kila mtoto alikaa chini ya kwapa lake, vichwa vyote mbele, na yeye akabaki na viganja huru vya kuwaweka sawa. Lakini hata yeye alianza na mmoja mmoja. Alipoona kila mtoto anajua kushika titi, ndipo akawaweka wote pamoja. Na mama ambaye kifundo cha mkono kinamuuma upande wa dole gumba, maumivu ambayo huwapata wengi kwa kubeba kichanga mkono ukiwa umekunjwa, naye atapata nafuu uzito ukipokelewa na mto. Vivyo hivyo aliyejifungua kabla ya wakati, ambaye mtoto wake hana nguvu ya kujikaza, au mama ambaye mikono yake ni dhaifu kwa sababu ya ugonjwa.

Ukiamua kuupata, ubonyeze kwa ngumi: uwe mgumu kiasi cha kurudi mahali pake mara moja. Ulaini unaoupendeza mkono dukani ndio unaommeza mtoto nyumbani. Juu uwe tambarare, na uufunge kiunoni uone kama unakubana au unaacha mwanya kati yako nao, maana mtoto huteleza kwenye mwanya huo. Foronya iwe ya kuvuliwa na kufuliwa, na uwe nazo mbili. Maziwa yatamwagika, mtoto atacheua, na nepi haitakosa siku ya kuvuja.

Kuna jambo moja ambalo sitalipitia haraka. Mto wa kunyonyeshea si mahali pa mtoto kulala. Najua ilivyo. Amemaliza kunyonya, macho yamefumba, mdomo umeachia titi na tone la maziwa liko pembeni, umechoka mpaka mifupa, na umbo la mto linaonekana limetengenezwa kwa ajili yake. Mkono unataka kumlaza pale kwa dakika moja tu. Usimlaze.

Kichwa cha kichanga ni kizito na shingo yake bado haina nguvu. Akiegemezwa kwenye mkunjo wa mto, kidevu hudondokea kifuani na njia ya hewa, ambayo ni nyembamba sana, hujikunja ikaziba. Au anageuka, uso unazama kwenye kitambaa na sponji, naye hana nguvu ya kuutoa. Yote hayo hutokea kimya kimya, hakuna kilio cha kukushtua. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ilipokusanya taarifa za mwaka 2010 hadi 2022, ilipata vifo visivyopungua 154 vya watoto wachanga vilivyohusishwa na mito hii, na wengi wao walikuwa wamewekwa juu yake au karibu nayo walale. Mwaka 2024 tume hiyo ilipitisha kanuni za lazima kwa watengenezaji, ukiwemo ugumu wa mto. Kanuni hizo ni njema, lakini hata mto mgumu haugeuki kuwa kitanda. Mtoto alale chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, bila mto wowote.

Mimi mwenyewe, mwanangu wa kwanza alipokuwa na wiki tano, niliwahi kuzinduka saa tisa usiku kwenye sofa, mto kiunoni, yeye ameteleza nusu yake katikati ya mto na egemeo la sofa. Alikuwa mzima. Nilimkumbatia mpaka kukapambazuka. Tangu siku hiyo kulikuwa na sheria moja nyumbani, na mume wangu aliisimamia kuliko hata mimi: mtoto akiachia titi, mto unatoka mapajani na kupelekwa juu ya kabati kabla ya jambo lingine lolote. Na usingizi ukinizidi, sinyonyeshi kwenye sofa. Madaktari wa watoto wanaonya kwamba sofa ni mahali pa hatari zaidi pa kusinzia na mtoto kuliko kitanda ambacho kimeondolewa mito na mablanketi mazito.

Kuna mkao mmoja ambao laiti ningeambiwa mapema. Unaegemea nyuma nusu kulala, mtoto anakaa kifudifudi juu ya kifua chako, na uzito wake mwenyewe unamshikilia pale. Akiwa mwepesi bado, wiki za kwanza, hauhitaji mto popote isipokuwa nyuma ya kichwa na mgongo wako wewe. Watoto wengi hulitafuta titi wenyewe wakiwekwa hivyo. Nikiwa nimechoka kweli na niko macho, ndio niliorudia kila mara kwa mtoto wa pili.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Katika safari hiyo yote, mto ulinifaa kama miezi mitatu. Mwanangu wa pili alipofikisha miezi minne alikuwa mzito, shingo imekaza, anajua kujivuta mwenyewe kifuani, na alichokifanya na mto ni kuukanyaga kwa nyayo na kujisukuma nao mpaka anatoka titini. Nikauweka.

Ule wa kwanza, ulionipasua chuchu, haukutupwa. Ndio huohuo aliotumia mdogo wangu kwa pacha wake. Yeye ni mrefu wa kiwiliwili, amenipita kwa kichwa kizima tukiwa tumekaa, na siku alipojifunga ule mto nikamwangalia kwa upande: midomo ya watoto ilifika sawa na chuchu zake, bila yeye kuinama na bila kunyanyua chochote.