Wasomaji Wanauliza: Kazi za Asia na Uarabuni

SWALI: Niko Uyole, Mbeya, nina diploma ya tehama. Kuna mtu kanipata mtandaoni, ananipa kazi ya huduma kwa wateja Bangkok, dola 1,200 kwa mwezi, tiketi juu yao. Usaili ulikuwa wa kupima kasi ya kuchapa tu. Anasema niingie kwa viza ya utalii, kibali nitakikuta hukohuko. Niende?

JIBU: Usiende, ndugu yetu. Jiulize kwanza kazi za Thailand wanafanya nani. Viwanda vya samaki vya mkoa wa Samut Sakhon na majengo ya Bangkok vimejaa vibarua wa nchi jirani kama Myanmar na Laos, ambao serikali zao zina makubaliano na Thailand. Mgeni wa ofisini huombewa viza ya kazi kabla hajapanda ndege, na kampuni kwa kawaida hutakiwa kuwa na mtaji wa baht (fedha ya Thailand) milioni 2 na Wathai 4 walioajiriwa kwa kila mgeni mmoja. Kampuni gani itapitia yote hayo, tena ilipe na tiketi, kwa ajili ya mtu wa kuchapa?

Mtego wenyewe unakwenda hivi. Dereva anakupokea uwanjani, anakwambia ofisi iko nje kidogo ya jiji. Gari linakwenda saa saba au nane kuelekea kaskazini-magharibi hadi Mae Sot, mpakani. Unavushwa Mto Moei, ng'ambo ni Myawaddy, ndani ya Myanmar, eneo lililo mikononi mwa wanamgambo. Pasipoti wanachukua, simu wanachukua. Kazi ni kufungua akaunti bandia zenye picha za warembo, kuwabembeleza watu wa nchi nyingine wiki kadhaa, kisha kuwashawishi waweke fedha kwenye uwekezaji wa uongo. Asiyefikisha lengo hupigwa au kutiwa shoti ya umeme. Anayetaka kuondoka hudaiwa maelfu ya dola za kujikomboa. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti kwa maeneo hayo. Zaidi ya watu 7,000 wakatolewa, wakiwemo Waethiopia na Wakenya. Wengi wao walikaa kambini wiki nyingi wakisubiri tiketi ya kurudi kwao.

Kama kuna mwenzako ameshafika Bangkok, mwambie asitoe pasipoti mkononi na afuatilie ramani kwenye simu yake mwenyewe. Gari likishika njia ya Tak, mkoa ulipo Mae Sot, ashuke kwenye kituo cha mafuta penye watu, apige 191, polisi, au 1300, namba ya msaada kwa waathirika wa biashara ya binadamu. Barabara ya kwenda Mae Sot ina vizuizi vya polisi. Hapo ndipo pa kusema. Akishavuka mto, kumtoa ni kazi ngumu mno.

SWALI: Binti yangu alikuwa dada wa kazi Dar, sasa wakala anataka kumpeleka Oman. Nasikia Wafilipino wanalipwa zaidi kwa kazi ileile. Kwa nini? (Mama, Mafinga)

JIBU: Umesikia sawa, mama. Wafilipino walipigania jambo hilo. Machi 1995 mfanyakazi wao wa ndani alinyongwa Singapore, nchi nzima ikawaka, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria inayombana wakala: mwajiri asipolipa, wakala aliyeko Manila anadaiwa pamoja naye. Hiyo ndiyo nguvu yao kubwa, kwa sababu mwajiri wa mbali hakamatiki lakini wakala ana ofisi mtaani. Mwishoni mwa 2006 wakaweka kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi kwa kazi za ndani, na wakala akakatazwa kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi.

Binti yako akate pasipoti mwenyewe Uhamiaji Iringa, kwa namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Gharama ni shilingi 150,000. Wakala akimlipia, deni linaanza hapo. Wakala aonyeshe leseni, nanyi mkaihakiki TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, au kwa Kamishna wa Kazi. Mkataba utaje jina la mwajiri, mshahara kwa riali, siku ya mapumziko na nani analipa tiketi ya kurudi. Nakala moja ibaki kwako Mafinga. Iko sababu: ujanja wa kawaida, uliowaumiza hata Waindonesia, ni kusaini mkataba mmoja nyumbani na kukuta mwingine wa Kiarabu wenye mshahara mdogo. Bila nakala, ubalozi wetu Muscat hauna cha kushika.

Wakala akisema binti apitie nchi jirani badala ya uwanja wa Dar, sitisheni safari siku hiyohiyo. Anakwepa ukaguzi.

SWALI: Kuna anayetafuta watu wa kiwanda cha glovu Malaysia, anataka shilingi milioni 3 kwanza. Nimpe? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Hapana. Malaysia hutoa vibali vya vibarua wa viwandani na mashambani kwa nchi maalumu za Asia, kama Bangladesh, Nepal na Indonesia. Tanzania haimo. Wengi wa hao Wabangladesh wenyewe hufika na madeni ya kulipa kwa miaka. Kama umeshatuma fedha, tunza ujumbe wa muamala na namba iliyopokea, uripoti polisi leo, kabla hajatupa laini.